Chumvi Juu, Mbegu Chini

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua gauni lake anajiketisha kwenye benchi langu na kuuliza: Mama Feza, safari ilikuwaje, na mbona umekonda hivyo? Nikijibu kwamba tulifika salama, mnanitazama kama mtu aliyeficha nyama chini ya ugali. Basi nimeandika yote kwa mara moja. Someni kwa zamu, mniache nishone. Kuna mahali mtacheka, na mimi mwenyewe nilicheka nilipokuwa pale, kwa sababu sikujua nilichobeba.

Mnamjua mdogo wangu Zaina, aliyeolewa upande wa Kabambare. Mumewe alifia ukimbizini, wakati watu wa vijiji vile walipokimbia bunduki. Mwaka huu watu wamerudi, naye akarudi na watoto wake, akakuta nyumba haina paa na shamba limekuwa pori. Shemeji yake Salumu, mdogo wa marehemu, hakumfukuza. Alimweleza tu desturi yao: shamba la marehemu ni la mjane wake akilipanda, mvua ikipita hajapanda, linarudi kwa ukoo. Na Zaina hakuwa na mbegu hata ya kujaza kiganja, wala jirani zake, maana wote walikuwa wamekula mbegu zao huko walikokimbilia. Akanitumia neno kwa mdomo wa mpita njia: yaya, dada yangu mkubwa, niletee mpunga wa mama.

Mpunga huo wengi wenu mmeuona mkiingia jikoni kwangu. Ulikuwa ukikaa kwenye kapu juu ya meko, ndani ya moshi, kama mama alivyouweka. Kila mwaka napanda kidogo bondeni, nikivuna narudisha mbegu palepale. Ulikuwa mkavu hivi kwamba ukiuma punje inavunjika kwa mlio. Nikashona mfuko wa kitambaa cha pamba, mfuko mzuri wenye mshono wa mara mbili, nikaumimina wote. Sikubakiza, nikijiambia kwamba Zaina akivuna atanirudishia.

Kasongo, kabla ya kupanda pikipiki

Katika ukoo wetu hakuna anayesafiri bila kupita kwa shangazi Mwajuma, na anayepita kimyakimya husemwa mpaka arudi. Nilimkuta anakunywa kahawa barazani. Akautazama mfuko wa mbegu, akanitazama mimi, kisha akautazama tena mfuko.

"Mutoto, unaenda kusemea shamba kwa bakwe na hiki tu? Hii ni ya dada yako. Ya kwao iko wapi?"

Nilikuwa nimewanunulia watoto biskuti. Shangazi alicheka kwa pua. Aliniambia kwamba biskuti si kitu cha kuweka mbele ya watu wenye shamba mkononi, na kwamba kwetu mtu anayeingia ukweni na neno zito hutanguliza chumvi. Akaingia ndani, akatoka akiburuta gunia dogo la chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa, kavu, inayolia ukiitikisa. Ilikuwa zawadi ya kweli, na shangazi si tajiri. Nilimshukuru kwa magoti.

Kisha akaja mwenyewe kwenye moto, pikipiki yetu, kuangalia tunavyofunga. Dereva wangu, Amisi, ni mtu wa upande wa Kabambare, mwenye maneno mengi na pikipiki nzee. Alikuwa ameweka chumvi chini kwa sababu ni nzito, na mbegu juu. Shangazi akamsimamisha. Chumvi ya ukweni haipandiwi na kitu, alisema. Inasafiri juu ya mizigo yote, ili mwenye kuipokea asiambiwe alikaliwa. Amisi alijipiga paji la uso kwa aibu, kwamba amesahau la kwao. Akafungua kamba, mbegu ikaenda chini, chumvi ikakaa juu yake, na vyote viwili vikaviringishwa pamoja katika bashi mbili, maturubai ya plastiki.

"Mama, mvua haitagusa hii mizigo," aliniambia. Na nataka mjue tangu hapa kwamba alisema kweli. Mvua haikuigusa.

Mtoni, ambako daraja halikuwapo

Tulishika njia ya Wamaza, kwa sababu Amisi alisema ile nyingine imekatika kabisa. Nilijiuliza hii tuliyo nayo yeye anaiitaje. Ilikuwa mifereji, mchanga, magogo, kisha tena mifereji. Mahali pa kupanda kilima nilishuka nikasukuma, mahali pa kuteremka nilishuka nikaomba. Mvua ilikuja na kwenda kama jirani anayeazima vyombo. Tulikula mihogo ya kuchemsha na karanga kwa mama mmoja wa njiani, aliyetupa pia mawese ya kupaka mikononi kwa sababu ngozi yangu ilikuwa imechubuka kwa kumshika Amisi.

Tukafika kwenye mto ambao sitautaja jina, maana mtani wangu mmoja anatoka pale. Magogo ya daraja yalikuwa yamechukuliwa na maji usiku uliotangulia. Watu wa kijiji walikuwa wamekaa ukingoni wakiyatazama maji. Tuliambiwa tusubiri yapungue, kisha vijana watakata magogo mapya.

Tukasubiri. Alitupokea mwanamke mmoja mjane, Mama Riziki, aliyetupa chumba chenye paa zuri la majani, lisilovuja hata tone. Mizigo yetu aliiheshimu kuliko sisi. Aliifungua bashi ili isioze, akaweka mfuko wa mbegu kwenye kichanja, na gunia la chumvi juu yake, kwa mikono miwili. Sikumwambia kitu. Angekuwa mtu wa kwetu nisingemwelekeza vizuri zaidi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Mama Riziki alinipa sindano. Nilishona kila kilichochanika katika nyumba ile, na jirani wakaleta vyao. Nje mvua ilikuwa inanyesha kidogo tu, lakini hewa yenyewe ulitaka kuikamua. Kikwembe changu cha kujifunga nilichofua siku ya kwanza kilikataa kukauka. Kiberiti kiligeuka uji kichwani. Biskuti za watoto zilikuwa laini kama mkate wa jana, ingawa pakiti ilikuwa na tundu dogo tu. Mlango wa chumba ulivimba, tukawa tunaufunga kwa kusukuma na bega.

Asubuhi moja nikagusa gunia la chumvi, mkono ukatoka na maji. Hapo nilimgeukia Amisi. Nilimwambia alivusha mizigo kwenye dimbwi nisipoona, au alilala akaacha bashi wazi njiani, na mengine ambayo mwanamke mtu mzima hapaswi kumwambia dereva anayemtegemea. Amisi aliapa. Akapanda juu ya kichanja, akapapasa paa kwa ndani, akanionyesha mkono mkavu. Akaleta bashi, akaniambia nizinuse. Hakuna alipokosea, na mimi nikazidi kukasirika kwa sababu sikuwa na wa kumkasirikia.

Tulilifuta gunia kwa kitambaa. Mfuko wa mbegu niliugusa kwa juu tu, nikaona umepoa na una unyevu kidogo, nikasema ni jasho la plastiki. Kisha tukalirudisha gunia juu yake.

Hapo mtaniuliza: Mama Feza, wewe hujui chumvi? Najua. Kila mwanamke wa Maniema anajua kwamba wakati wa mvua chumvi inakunywa hewa na kulia machozi. Jikoni kwangu chumvi iko kwenye chupa yenye kifuniko, kando ya moto. Lakini hiyo ni chumvi ya jikoni. Hii nilikuwa nimeiona kuwa heshima ya ukweni, na heshima sikuwahi kusikia kwamba inavuja. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa, siwezi kuieleza vizuri zaidi.

Wamaza, nilikoitwa mshenga

Magogo yalipowekwa tulivuka, Amisi akisukuma moto na mimi nikitazama mbele kwa nguvu ili nisione maji. Tulifika Wamaza tukiwa matope mpaka kope. Alitukaribisha mzee mmoja Mkristo, Baba Kalume, ambaye Amisi alisema ni rafiki wa baba yake.

Baba Kalume aliona mzigo wetu ukifunguliwa, akaona gunia la chumvi juu ya vitu vyote, akaingia ndani kunong'ona na mkewe. Muda mfupi baadaye wanawake wa nyumba walianza kuchekeana. Kuku akakamatwa. Tulipikiwa wali na sombe, majani ya mihogo, iliyoungwa vizuri, na mimi nikawa nasifu ukarimu wa Wamaza. Katikati ya chakula mama wa nyumba akaniuliza kwa adabu nyingi huyo bibi arusi ni binti wa nani. Walikuwa wameamua kwamba mimi ni mshenga, kwa sababu chumvi ikipita hivyo juu ya mizigo inakwenda kuposa, na kwamba bwana arusi ni Amisi. Amisi ana wake wawili nyumbani. Alikohoa mpaka wali ukamtoka puani.

Tulicheka sote, wakacheka hata baada ya kujua ukweli. Nilipowaeleza habari ya Zaina na shamba, kicheko kilikwisha, na Baba Kalume akasema kwamba hata kwao kuna mashamba yasiyo na mbegu. Mwanawe alikuwa amekwenda mpaka mbali kutafuta mpunga, akarudi na mihogo. Aliutazama mfuko wangu namna ambayo niliuvuta karibu na mguu wangu. Hakuniomba. Ningempa konzi mbili, na leo ninatamani angeniomba siku ile, kabla mbegu haijawa hivyo ilivyokuwa.

Tulikaa Wamaza kwa sababu moto ilikataa kuwaka. Amisi aliifungua, akaiweka vipande vipande kwenye gunia, akasema plagi imeingia maji. Nikamuuliza maji gani, kwani tangu tufike imekaa ndani. Akasema maji ya hewa. Jumapili nilimwona mpiga ngoma wa kanisa amewasha moto wa majani nje, anaizungusha ngoma juu yake, anaipiga kidole, anaizungusha tena. Ngozi ilikuwa imelegea na haikutoa sauti. Mimi Mwislamu nilikaa pale kwenye kigogo nikitazama, maana sikuwa na kazi, mpaka ngoma ikalia na watu wakaanza kuingia. Niliona yote hayo kwa macho yangu, na bado jioni niliweka chumvi juu ya mbegu.

Kabambare

Kutoka Wamaza tuliteseka tena, lakini mateso ya namna ileile, sitawachosha nayo. La kuwaambia ni suruali ya Amisi. Tulipofika Kabambare alishuka na michirizi myeupe imekauka nyuma ya mapaja yake, na mimi gauni langu lilikuwa hivyohivyo mgongoni. Gunia lilikuwa linadondosha. Amisi akasema sasa tumekolea, mke wake akimlamba hatahitaji mboga. Nilicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho cha safari hii.

Maana nilipopeleka mkono chini ya gunia, mfuko wangu wa pamba ulikuwa umelowa kutoka juu mpaka karibu na mshono wa chini. Na ulikuwa na joto. Mfuko wa nafaka uliokaa kivulini, hewa ikiwa baridi, una joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikamwambia Amisi tuufungue. Akasema hapa barabarani watu watauona, wataomba, na tumebakiza mwendo mdogo tu; kwa Zaina tutauanika. Sikubisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuufungua.

Niliomba tu tupite sokoni. Niliuliza mbegu ya mpunga kwa kila aliyekuwa na nafaka mbele yake. Kulikuwa na mchele uliokwisha kutwangwa, kulikuwa na mahindi ya kuku, kulikuwa na mihogo. Mpunga wa kupanda hapakuwa nao. Mama mmoja alinijibu kwamba mwenye mpunga mwaka huu keshaufukia ardhini, na asiye nao ananunua mchele kama yeye. Tukaondoka.

Kwa Zaina

Zaina alikuja kutupokea mwanzo wa kijiji. Sijui aliambiwa na nani. Amekuwa mwembamba, mifupa ya mabega inaonekana, lakini alikuwa amevaa kikwembe kile nilichomshonea miaka ile ya arusi yake. Alinikumbatia muda mrefu. Kisha akaweka mkono juu ya mzigo, bila kuufungua, kama mtu anayegusa tumbo la mja mzito. Shamba alikuwa amelilima lote kwa jembe la kuazima, yeye na watoto, na mvua ya kupandia ilikuwa imeshafika.

Lakini kwanza ukweni. Hatuwezi kufungua chetu kabla hawajapewa chao. Tulikwenda kwa Salumu mimi, Zaina na Amisi, gunia likabebwa mbele. Salumu ni mtu mpole, nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mwingine kabisa. Alilipokea kwa mikono miwili, akafungua, akalamba punje iliyolowa, akafumba macho.

"Shemeji, mumetuheshimu sana," alisema. "Chumvi ya namna hii hatujaona tangu turudi. Sasa mwambie dada yako apande tu. Akipanda hii mvua, hakuna mutu atamugusa pale. Mie mwenyewe na watu wa nyumba tutakuja kumusaidia."

Wake za Salumu walishangilia kwa vigelegele. Chumvi ikagawanywa kwenye majani, nyumba kwa nyumba, na kila aliyepokea alitaja jina la ukoo wetu. Zaina alikuwa anatabasamu. Mimi nilitabasamu pia, nikihesabu nyumba zilizobaki ili turudi tukafungue mfuko.

Tuliporudi tukafunga mlango na kufungua mfuko. Harufu ilitoka kwanza, harufu ya pombe iliyochacha. Juu punje zilikuwa zimevimba, zimejaa maji ya chumvi, nyingine zimeota ndevu nyeupe za ukungu. Katikati zilikuwa zimeshikana donge, na ndani ya donge kulikuwa na joto. Chini kabisa kulikuwa na punje zilizotaka kuota mle mle mfukoni, zikaoza zikiwa zimechungulia. Nilifikiri mpunga ule, uliokaa miaka yote juu ya moshi, ulikuwa na kiu kuliko kitu kingine chochote tulichobeba. Chumvi ilikunywa hewa, mpunga ukanywa chumvi. Hakuna aliyemwaga maji.

Zaina hakupiga kelele. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama. Akauliza kama mvua ilitukuta sana njiani. Nikamwambia haikuugusa. Akanitazama akitaka niendelee, nikaanza kutandika mkeka.

Tuliuanika kwenye mkeka ndani ya nyumba, karibu na moto. Tulichagua punje zilizoonekana nzima, tukazifunika kwa jani la mgomba lililolowa, mahali pa joto, tukangoja zionyeshe ncha. Kila asubuhi Zaina alikuwa wa kwanza kufunua. Nilikuwa najifanya nimelala, nikimtazama mgongo. Ncha zilipotakiwa kutoka hazikutoka. Siku ile ambayo hatukuweza tena kujidanganya, alilitupa jani motoni pamoja na punje zake. La kuvunda halina ubani.

Nilimwambia twende kwa Salumu tumweleze. Ni mtu mwema, nilisema, ameona tulivyohangaika, atangoja mvua nyingine. Zaina alikuwa anapuliza moto. Alijibu bila kugeuka.

"Yaya, ukimwambia mbegu imekufa, shamba nayo imekufa. Mutoto wa Salumu anaoa, anangoja mahali pa kulima. Na ukimwambia ni chumvi ndiyo iliua, umerudisha zawadi. Watu wote wameshakula ile chumvi. Wee utaenda Kasongo, mie nitabakia na hilo neno."

Nikasema nitarudi Kasongo haraka nilete nyingine. Akaniuliza nyingine ipi. Mpunga wa mama wote ulikuwa pale kwenye mkeka, na mimi ndiye niliyeliacha kapu tupu. Na hata ningepata wa kununua, ningekwenda na kurudi kwa njia ile ile, mvua ya kupandia ikiwa imekwisha zamani. Nilianza kulia. Nililia kwa sauti, jirani wakadhani namlilia marehemu, wakaja kunipa pole.

Shambani

Asubuhi iliyofuata Zaina aliamka, akachukua majivu ya meko, akayachanganya na ule mpunga mpaka punje zote zikawa za kijivu. Watu hufanya hivyo kwa ajili ya mchwa, hakuna wa kuuliza. Akaujaza kwenye mabakuli. Nilipoelewa anachofanya nilimshika mkono. Akaniambia nichukue bakuli langu.

Salumu alikuja kama alivyoahidi, na wake zake, na huyo kijana anayetaka kuoa, na majirani waliokula chumvi. Walikuja wakiimba. Walijipanga, wenye vijembe mbele wakichimba vishimo, sisi wanawake nyuma tukidondosha punje na kufukia kwa mguu. Wanajua kazi, walikwenda haraka. Salumu alikuwa anachimba mbele yangu, jasho linamtiririka mgongoni, na kila kishimo alichonichimbia nilikitilia mbegu mfu na kukifunika vizuri. Mara moja aligeuka akaniambia nisitie nyingi sana, zitabanana zikiota. Nikaitika ndiyo shemeji.

Mchana walituletea ugali na samaki wadogo, walioungwa kwa chumvi yetu. Nilimega tonge, nikalirudisha kwenye sahani. Mke mkubwa wa Salumu akasema mgeni amechoka, hajazoea jua la shamba, akanifunika kichwa kwa kitambaa chake. Zaina alikula. Alikula akazungumza nao, akacheka mahali pa kucheka, akauliza habari za arusi ya kijana. Sijui alitoa wapi nguvu hizo. Jioni shamba lote lilikuwa limepandwa, safi, mistari imenyooka, na Salumu alisimama mwisho wake akasema mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo hapa pana mwenyewe.

Nilitaka kukaa. Zaina hakutaka. Alisema nikikaa mpaka siku za kuota, uso wangu utawaambia. Nilimuuliza atasema nini siku hizo zikipita na ardhi iko vilevile. Alisema labda atasema ni mchwa, labda ndege, labda Mungu, na kwamba nisimuulize tena.

Amisi alikuja na moto asubuhi. Yeye tulikuwa tumemwambia yote. Zaina alikuwa ameshatoka nyumbani kabla sijaaga, watoto wakasema mama ameenda kulinda. Njia inapita kando ya shamba, tukamwona. Mpunga ukishapandwa hulindwa kutwa nzima, kwa kuwa ndege hufukua punje, na asiyelinda huulizwa kwa nini halindi. Alikuwa amesimama katikati, kikwembe amekifunga kiunoni, madongoa ya udongo mkononi. Nilimwambia Amisi asimame, kisha nikamwambia aendelee. Zaina hakutupungia mkono. Alirusha dongoa upande wa mto, akapiga ukelele, akageuka akarusha upande wa pili. Ndege walikuwa wachache sana asubuhi ile. Aliwafukuza kwa sauti kubwa, ili isikike mpaka kwa Salumu.